Lisemwalo Lipo

Msomaji wa riwaya za kijasusi hutarajia bastola, magari ya kasi na mwanamke mrembo. Graham Greene, Mwingereza aliyeifanya kazi hiyo kwelikweli wakati wa Vita Kuu ya Pili, alirudi na kitu kingine kabisa: mafaili.

Mwaka 1942 idara ya ujasusi ya Uingereza ilimpeleka Freetown, Sierra Leone. Joto, mvua na upweke wa huko vilizaa riwaya yake The Heart of the Matter (1948). Lakini mbegu ya kichekesho chake cha kijasusi aliiokota baada ya kurudi London mwaka 1943, akiwa chini ya Kim Philby, ambaye baadaye alifichuka kuwa jasusi wa Warusi. Greene alipewa kushughulikia Ureno, nchi ambayo haikuingia vitani na ambayo mji wake mkuu, Lisbon, ulijaa wapelelezi wa pande zote. Humo aliwajua, kupitia mafaili, maofisa wa Kijerumani waliopeleka kwao taarifa za uongo kutoka kwa wapelelezi wasiokuwapo, wakavuna posho.

Hodari wa mchezo huo alikuwa Mhispania Juan Pujol. Mwaka 1941 aliwaambia Wajerumani kuwa yuko Uingereza, kumbe amekaa Lisbon na kitabu cha kuongoza watalii. Mwaka 1942 Waingereza wakamchukua, na wapelelezi wake wa kubuni wakafikia 27. Juni 1944 taarifa zake zilisaidia kuwaaminisha Wajerumani kwamba mashambulizi ya Normandy yalikuwa danganya toto. Pande zote mbili zilimtunuku nishani.

Mwaka 1958 Greene alichapisha Our Man in Havana. Wormold, muuza mashine za kufyonza vumbi huko Kuba, anahitaji fedha kwa ajili ya binti yake. Basi anabuni wapelelezi, anachora vipuri vya mashine zake na kudai ni silaha za kutisha zilizofichwa milimani. London wanaamini. Maadui nao wanaamini, na hapo kicheko kinakatika: watu wenye damu na nyama wanaanza kuuawa kwa sababu ya majina ya kubuni.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Nadhani Greene alijifunza vitani kwamba huwa ndefu pale msikilizaji anapoutaka uongo wenyewe. Uongo wa Pujol uliokoa maisha, wa Wormold ukaua. Ila wanunuzi walikuwa wa aina moja, wakubwa wa maofisini waliolipia kile walichotamani au walichoogopa kusikia. Wormold alipogundulika, wakubwa wake walificha aibu yao kwa kumpa nishani na kazi ya kufundisha.

Miaka minne baada ya kitabu hicho, makombora halisi ya Kisovieti yaligunduliwa Kuba, na dunia ikakaribia vita vya nyuklia. Greene hakutabiri, alikuwa akiwacheka mabwana zake wa zamani. Lakini lisemwalo lipo, na ikiwa halipo, laja.