Redio Kuukuu kwa Fedha Chache

Someni pamoja nami polepole. Mwenye kuchelewa na angojwe.

Somo letu la leo ni la historia, lakini ni historia itakayowalindia fedha zenu. Tutasoma habari za redio kuukuu. Wengi wenu mngependa kuwa na redio nyumbani. Redio mpya iliyo imara ni ghali, na ile mpya iliyo rahisi mara nyingi hufa kabla ya mavuno mengine. Basi mtu hushuka sokoni Kigoma au Ujiji, akatafuta redio iliyokwisha kutumika. Muuzaji huisugua kwa kitambaa chenye mafuta, ikang'aa. Mnunuzi hutazama ule mng'aro, hulipa, hurudi nyumbani kwa furaha. Jioni ile ile huona kwamba redio yake haishiki hata kituo kimoja anachokitaka.

Je, alidanganywa? Pengine. Lakini mara nyingi ukweli ulikuwa umeandikwa pale pale usoni pa redio, kwa herufi na namba, naye hakuzisoma. Ninyi sasa mwaweza kuzisoma. Na kila namba iliyopo juu ya redio ina sababu yake, na sababu hiyo ni ya historia.

Tuanze kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Meli Liemba, katika safari zake kutoka Kigoma, ilikuwa ikifika hadi Mpulungu. Nchi ile wakati wa ukoloni iliitwa Rhodesia ya Kaskazini, nayo leo ni Zambia. Katika mji wake wa Lusaka palianzishwa kituo cha redio mwaka 1941, wakati wa vita kuu ya pili. Lakini nani angekisikiliza? Redio za siku zile zilikuwa masanduku makubwa. Ndani yake mlikuwa na vali, yaani vichupa vya kioo mfano wa globu, ambavyo vilipata moto na kula umeme mwingi. Mtu wa kijijini hakuwa na umeme, wala hakuwa na fedha za sanduku lile.

Bwana Harry Franklin, aliyekuwa mkuu wa idara ya habari ya nchi ile, alishughulika kwa muda wa miaka mitatu hivi akiwasihi wenye viwanda wa Uingereza watengeneze redio ndogo, ya bei rahisi, yenye kutumia betri. Mwishowe kampuni ya Ever Ready ilikubali. Redio ya majaribio ilitiwa ndani ya chombo cha alumini chenye upana wa inchi 9, kilichokusudiwa kuwa sufuria ya kupikia. Umbo lile likabaki, na redio ikaitwa kwa jina la sufuria. Ilipakwa rangi ya buluu. Ilianza kuuzwa mwaka 1949 kwa paundi 5, yaani shilingi 100 za wakati ule. Katika miezi mitatu ya kwanza ziliuzwa redio 1,500, na katika miaka iliyofuata zikaingizwa maelfu kwa maelfu.

Watu wengi wakisimulia habari hii huishia hapo: redio ya sufuria, shilingi mia moja, watu wakafurahi. Mimi naona hapo ndipo hesabu inapoanza. Kiongozi wa darasa, tafadhali andika ubaoni:

Bei ya betri: shilingi 25.
Maisha ya betri: saa 300.

Sasa tukate shauri kwamba mwenye redio asikilize saa 3 kila siku. Saa 300 zitamfikisha siku ya ngapi? Ya 100. Siku ya 101 redio imenyamaza, naye anatakiwa shilingi 25 nyingine. Katika siku 400 amemaliza betri 4. Mara 4 kwa 25 ni 100. Yaani, katika muda wa mwaka mmoja na kidogo, betri zimemgharimu sawasawa na redio yenyewe! Na mwaka wa pili utakuwa vivyo hivyo. Redio ni kama mbuzi wa kufungwa: kumnunua ni siku moja, kumlisha ni kila siku. Shikeni neno hili, maana tutalirudia sokoni.

Mabadiliko makubwa yalitoka Marekani. Mwezi wa Desemba mwaka 1947, katika maabara ya kampuni ya Bell, wataalamu Bardeen, Brattain na Shockley walifanya chombo kidogo sana kiitwacho transista. Kazi yake ni ile ya vali, lakini haina kioo cha kupasuka, haihitaji kupata moto kwanza, na umeme inaokula ni kidogo. Mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista ikauzwa madukani Marekani, na mwaka 1955 kampuni ya Japani, ambayo sasa twaijua kwa jina la Sony, ikatoa ya kwake. Tangu hapo redio ikawa kitu cha kubebwa begani au kutundikwa kwenye baiskeli, nayo ikaridhika na betri za kawaida za tochi.

Katika nchi yetu matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951. Mwaka 1965 yakawa chini ya Redio Tanzania. Redio hiyo ilirusha sauti yake kwa mawimbi ya kati na mawimbi mafupi, ambayo huenda mbali sana, hasa usiku. Kwa hiyo redio zilizouzwa hapa nchini katika miaka hiyo, kama zile za Philips na za National, mara nyingi zina herufi mbili tu za mawimbi: MW, ndiyo mawimbi ya kati, na SW, ndiyo mawimbi mafupi. Ukiona herufi hizo peke yake, umekwisha kujua kwamba redio ile ni ya watu wa siku za baba zetu.

Nazo zilifanya kazi kubwa. Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 walikaa katika vikundi, redio moja kwa kikundi kizima, na kitabu mikononi, kama mlivyokaa ninyi sasa. Walisikiliza, wakazungumza, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Mzee au bibi aliyekuwamo katika vikundi vile bado yupo katika vijiji vingi. Muulizeni.

Kisha zikaja siku za dhiki. Baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979 nchi ilipungukiwa fedha za kigeni, na maduka yakawa na rafu tupu. Betri, ambazo watu huziita mawe, zikawa adimu. Wenye redio walizianika juani asubuhi ili wapate habari jioni. Wengine walizipanga betri dhaifu mstari mmoja ndani ya bomba la mwanzi, wakaziunga na redio kwa waya. Ziliposhindwa kabisa, walimu walisaga ule weusi wa ndani wakapaka ubao wa darasa.

Jua haliongezi umeme ndani ya betri. Joto huamsha tu mabaki yaliyomo, na betri iliyochoka huvuja maji makali. Maji hayo hula chuma. Ndiyo sababu redio nyingi za miaka ile, hata zikiwa safi kwa nje, zimeoza mahali pa betri. Basi ukishika redio kuukuu sokoni, usianze kuitazama usoni. Igeuze. Fungua mlango wa betri. Tazama springi na vibati. Ukiona ukungu mweupe au wa kijani kidogo, fundi aweza kuukwangua. Ukiona kibati kimekatika na kutu imefuata waya ndani, irudishe mezani kwa adabu.

Haya tunayoyasema si ya maskini wa huku kwetu tu. Mwaka 1976 kiwanda cha Tamiya cha Japani kilitoa gari dogo la kuchezea, mfano wa Porsche 934, linaloongozwa kwa mawimbi ya redio bila waya. Mtoto hushika mtambo mkononi, na gari hukata kona peke yake huko mbele. Leo wako watu wazima wenye mvi, katika Ulaya na Marekani na Japani, wanaotafuta magari ya namna hiyo ya zamani minadani, na si wote wenye fedha. Mwenye mfuko mdogo huko naye huanza kwa kufungua chumba cha betri. Kisha husoma namba ya mawimbi iliyoandikwa kwenye mtambo wa mkononi, na ile ya kipokezi kilichomo garini. Namba zisipopatana, gari halisogei, hata liwe zuri namna gani. Mwajua mambo hayo sasa: ni soko lile lile.

Turudi kwetu. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, na mitumba ya kila namna ikaingia. Mwaka 1993 sheria ikaruhusu vituo vya redio vya watu binafsi. Vituo hivyo, na vile vya mikoani vilivyofuata, hutumia mawimbi ya FM. Sauti ya FM ni safi, lakini haiendi mbali, na kilima huizuia. Mtu aliye ufukweni, mbele ya maji matupu, aweza kupata vituo vya ng'ambo, vya Burundi na Kongo, ambavyo mwenzake aliye nyuma ya mlima havipati.

Basi, redio isiyo na herufi za FM si mbovu, lakini yaweza kukunyima kituo unachokipenda. Na hata ukiziona herufi za FM usifurahi upesi. Soma namba. Redio ya kututosha sisi huanza 88 na kuishia 108. Lakini zipo nyingine zinazoanza 76 na kuishia 90. Hizo zilitengenezwa kwa watu wa Japani. Huko, kwa miaka mingi, nafasi iliyo juu ya 90 ilikuwa ya televisheni, hivyo redio zao ziliishia hapo. Wenye magari yaliyotoka Japani walijua jambo hili mapema, kwa kuwa redio ya garini ilishika vituo viwili vitatu, basi. Redio ya mkononi ya namna hiyo huuzwa rahisi, na sasa mwajua kwa nini ni rahisi.

Soma tena nyuma, karibu na waya wa umeme. Umeme wa Japani ni volti 100, na wetu ni volti 230. Ukiichomeka ya volti 100 ukutani kwako, utasikia harufu kabla ya kusikia habari. Mkoa wetu wa Kigoma uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya majenereta, kwa hiyo swali hili la volti si la watu wa mjini peke yao.

Mahali pazuri pa kutafutia, kwa maoni yangu, si meza ya muuzaji wa vitu vilivyong'arishwa. Ni kwa fundi redio. Kila fundi ana rundo la redio ambazo wenyewe walizileta zitengenezwe wasirudi tena. Muulize kwanza kama ana haki ya kuiuza, na mwenyewe aliiacha lini. Muulize pia iliumwa nini. Nenda na betri zako mwenyewe, na kikaratasi ulichoandika namba za vituo viwili unavyovitaka. Zungusha sauti polepole: mkwaruzo mdogo husafishika, lakini spika iliyochanika karatasi itakutaka fedha. Usitazame tu mshale ukitembea. Hakikisha sauti nayo inabadilika. Jaribu mchana, kwa sababu usiku hata redio dhaifu hushika vituo vya mbali vya MW na SW, ikakulaghai.

Sasa zoezi. Bei hizi ni za zoezi tu. Kwenu tumieni bei za duka lenu. Redio ya kwanza yauzwa shilingi 15,000, nayo hula betri 4 kila mwezi. Redio ya pili yauzwa shilingi 30,000, nayo hula betri 2 kila mwezi. Betri moja ni shilingi 1,000. Ukijumlisha bei ya redio na betri zake za miezi 12, ipi imekula fedha nyingi zaidi?

Kila mmoja aandike jibu lake daftarini, pamoja na njia aliyoifuata. Na aliye na redio nyumbani, ya zamani au mpya, anakili herufi na namba zote zilizo usoni pake na mgongoni pake, aje nazo darasani. Tutazisoma mwanzo wa somo lijalo.