Kaunda Suti Ilikosea Wapi?

Kwa kabati ya babu kuna kaunda suti moja ya kahawia iliyopauka. Mifuko minne, mikono mifupi, kola pana kama inataka kuruka. Mwezi jana niliivaa kwenda intavyu. Askari wa getini akacheka, "Kijana, leo umegeuka mheshimiwa?" Ndani nikaambiwa kwa upole kwamba nimependeza, lakini wao huvaa rasmi. Aliyesema hivyo alikuwa amebanwa na koti kwapani mpaka kufikia glasi ya maji ilikuwa shida. Kazi sikupata. Labda hata majibu yangu hayakuwa fiti, lakini hilo neno "rasmi" limekataa kunitoka.

Si mimi wa kwanza. Tarehe 28 Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku kaunda suti bungeni. Mwanamume avae koti, shati la kola, tai, suruali ndefu, soksi na viatu. Na huo ndio mwaka Rais Ruto alikuwa anazivaa sana.

Wasee wengi walilia kwamba vazi la Kiafrika limefukuzwa. Hapo nawapinga kidogo. Hilo koti la mifuko minne lina damu ya jeshi la Uingereza. Neno kaki lilitoka kwa neno la Kiajemi la vumbi, na wanajeshi wa Waingereza walianza kuvaa rangi hiyo kule India miaka ya 1840 ili wafanane na ardhi. Kutoka kambini koti likaingia kwa wawindaji, na mzungu aliyekuja kwetu kuua simba alitaka mifuko ya kubeba risasi. Miaka ya 1960 ikifika mwisho, Yves Saint Laurent akaligeuza fasheni ya Paris.

Kwa hivyo Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, hakulibuni. Alichofanya ni kikali zaidi. Alichukua nguo ya bwana mkubwa wa kikoloni, akaivaa yeye akiwa rais, tai akaiacha nyumbani, mpaka huku kwetu tukaiita kwa jina lake. Hiyo naipigia saluti. Ingawa tusimpambe kupita kiasi: alikaa madarakani miaka 27, mingi yake ikiwa ya chama kimoja. Na jirani yake Mobutu alikataza kabisa suti na tai kule Zaire. Kulazimishwa ni kulazimishwa, hata kama nguo ni kali.

Sasa cheki hiyo tai ya Spika. Ilianza na vitambaa vya shingoni vya askari wa Croatia karne ya 17, Wafaransa wakaviona, wakaiga. Na ile sheria ya kuacha wazi kifungo cha chini cha koti, husimuliwa kuwa ni kwa sababu ya kitambi cha Mfalme Edward VII! Yaani tai na kaunda zote zilitoka kwa askari wa watu wengine. Moja ikakaribishwa ndani, nyingine ikaachwa mlangoni na hakuna aliyetuelezea kwa nini.

Mimi huangalia ushonaji. Ya babu ina kasoro, sitadanganya. Kitambaa ni polista, na saa saba mchana ndani ya matatu unaiva kama githeri. Lakini ipindue uone. Mishono imeachiwa kitambaa cha ziada, kwa hivyo inaweza kupanuliwa. Mgongoni kuna mkunjo unaokuruhusu kuinua mkono. Koti nyingi za bei rahisi za siku hizi hugundishwa kifuani, na ukifua vibaya zinatoa mapovu. Ukienda Gikomba, finya kifua cha koti chini ya kola. Ukisikia kitambaa cha tatu kinateleza katikati, hicho hakijagundishwa. Lipa upesi kabla muuzaji hajakusoma uso.

Nilipeleka ya babu kwa fundi wa mtaa aipunguze iwe slimu. Mzee akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mshono, akaninyima makasi. "Kijana, hii nitakupunguzia mabega tu. Kiuno acha, utanenepa." Ameniambia niongeze mia tatu, na niichukue Jumamosi.