Ghala, sanduku na ukuta: namna Kasongo ya zamani ilivyoweka vitu

Ingia nyumba nyingi za Kasongo leo, ao fika mpaka Kabambare, utaona mambo ni yale yale: gunia la mpunga nyuma ya mlango, bidoni chini ya meza, valizi juu ya kabati, mgeni hana pa kuweka mguu. Kila mtu analia nafasi, na dawa tunayoijua ni moja tu: kununua kabati jingine. Mimi naona historia ya mji wetu inatuonyesha njia ingine.

Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule Tippu Tip, alifanya Kasongo makao yake katika miaka ya 1870. Pamoja na Waungwana ikaingia namna ya kujenga ya pwani: nyumba ya pembe nne, baraza mbele, vyumba ndani, ua nyuma. Baraza ni ya wageni, chumba ni cha kulala, ua ni wa jiko na kazi. Kitu hakiwekwi tu popote penye nafasi.

Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Dhanis waliuteka mji. Daktari wao, Sidney Hinde, aliandika walichokuta: ghala zenye mchele, mahindi na kahawa, vitanda vya kuchongwa vyenye chandarua na magodoro ya hariri, mishumaa, sukari, vyombo vya kioo. Msomaji wa haraka ataona utajiri tu. Lakini tuulize: ghala zile zilijazwa na nani? Mashamba yalilimwa na watumwa, na pembe za ndovu zilisafiri mpaka pwani juu ya mabega ya watu. Kwa hiyo mpangilio wao tujifunze, ila tusiusifu ule wingi.

Huko Lamu, nyumba za mawe zina zidaka, yaani vishubaka ndani ya ukuta wenyewe. Vyombo vinakaa mule, na sakafu inabaki wazi. Vya thamani vinaingia katika sanduku lenye kufuli. Na bibi zetu wa kijijini je? Wao waliweka mahindi juu ya uchanja, juu ya moto, moshi ukafukuza wadudu. Pwani na kijiji walikubaliana bila kukutana: ukitaka nafasi, panda juu ao ingia ukutani, usiile sakafu.

Basi wewe unayejenga kwenye parseli yako, ongea na mwashi mapema, kabla ukuta haujapanda, akuachie vishubaka. Usingoje kuchimba baadaye, maana ukuta mwembamba utadhoofika. Mpunga utafutie depo yake nje, yenye sakafu iliyoinuliwa, panya na maji visifike. Na kabla ya kuongeza rafu hata moja, toa kwanza kile ambacho hakuna anayekitumia. La sivyo, rafu mpya ni takataka mpya iliyopanda juu.

Jambo la sanduku ndilo zito zaidi. Sisi wa kusini ya Maniema tunajua kukimbia. Siku ile hakuna anayebeba kabati. Diploma, karatasi ya parseli, cheti cha kuzaliwa cha mtoto: vikichanganyika na nguo kuukuu, vinabaki nyuma, halafu miaka inapita, ndugu wanagombania shamba bila ushahidi. Mimi karatasi zetu zote nimeziweka katika sanduku moja dogo la bati, na kila mtu nyumbani anajua liko wapi. Kuweka kitu mahali usipokumbuka ni sawa na kukipoteza.

Mahali pa ule mji wa Tippu Tip leo panaitwa Tongoni, maana yake mahame. Ghala zile hazipo tena. Kilichobaki kwetu ni mchele na hiki Kiswahili. Mchele umebaki kwa sababu mbegu ilirudi shambani kila mwaka, na Kiswahili kwa sababu kilitumika kila siku.