Goliad: Kambi ya Kivulini na Ng'ombe wa Misheni

Katika hifadhi ya jimbo huko Goliad, kusini mwa Texas, wageni hupiga mahema chini ya mialoni na miti ya pekani, jirani na Mto San Antonio. Kivuli hicho ni neema, kwani jua la kiangazi huko ni kali. Ukitoka kambini, hatua chache tu zinakufikisha kwenye kuta nyeupe za misheni ya Espíritu Santo.

Kuta hizo si za kale kama zinavyoonekana. Wafransisko wa Hispania waliianzisha misheni hiyo mwaka 1722 karibu na pwani, ikahamahama, na mwaka 1749 ikatua hapa. Baadaye ilibomoka, watu wakachukua mawe yake kujengea kwao. Jengo la leo lilisimamishwa upya miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na watu waliopewa kazi na serikali ya Rais Roosevelt.

Wengi huja kwa ajili ya historia ya vita vya Texas kujitenga na Mexico. Ng'ambo ya mto ipo ngome ya La Bahía, ambako tarehe 27 Machi 1836 mateka zaidi ya 300 wa Texas waliuawa kwa amri ya Jenerali Santa Anna wa Mexico. Msiba huo unastahili kukumbukwa. Lakini kwangu mimi, habari kubwa zaidi ya mahali hapa ni ng'ombe.

Misheni ilikuwa na maelfu kwa maelfu ya ng'ombe, wakizurura mbugani bila ua. Waliowafuata kwa farasi, wakawakamata kwa kamba na kuwatia alama ya moto, walikuwa wenyeji wa asili, hasa Waaranama. Walikuwa miongoni mwa wachungaji wa ng'ombe wa kwanza wa Texas, ingawa sinema zimetuzoesha sura nyingine kabisa. Majina yao hayakuchongwa popote, na hilo ni deni la historia.

Kuanzia mwaka 1779, mifugo ya eneo hili iliswagwa hadi Louisiana kulisha askari wa Bernardo de Gálvez, gavana wa Kihispania aliyepigana na Waingereza wakati wa vita vya uhuru wa Marekani. Ile misafara mashuhuri ya ng'ombe wa Texas kuelekea Kansas ilianza mwaka 1867, miaka 88 baadaye.