Nani Ameshika Sindano?

"Unataka ya 2 ama ya 5?"

Hilo ndilo swali niliulizwa na kijana wa duka la dawa, siku yangu ya tatu nikiwa mgonjwa wa kisukari. Nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa nimetoka hospitali na kichupa cha insulini ndani ya flaski yenye barafu, na karatasi iliyoandikwa: uniti 14 asubuhi, uniti 10 jioni. Nilijibu ya 2, kwa sababu ndiyo ilikuwa ndogo. Akanifungia tatu kwenye karatasi, nikaenda zangu hosteli nikijiona nimenunua kitu cha maana.

Kesho yake asubuhi ndipo nilijua sijui. Mistari kwenye sirinji ile haikuwa ya uniti, ilikuwa ya mililita. Insulini yangu ilikuwa na uniti 100 kwa kila mililita, kwa hivyo kila kamstari kadogo kalimaanisha uniti 10. Sasa 14 iko wapi? Iko katikati ya mstari wa kwanza na wa pili, mahali hakuna kitu ila plastiki tupu. Na sindano yenyewe ilikuwa ndefu kama pingili ya kidole gumba. Nikakisia, nikajidunga pajani, nikaenda darasani. Saa tano nilikuwa natetemeka, jasho linanitoka, maneno ya mwalimu yanakuja kama yako chini ya maji. Rafiki yangu alinikimbilia soda. Soda hiyo ndiyo sababu naandika hii makala.

Nilichokosa siku ile hakikuwa dawa. Dawa nilikuwa nayo. Nilikosa chombo cha kuipimia, na nilikosa kujua kwamba kuna chaguo. Nikaanza kusoma hiki kitu kilitoka wapi, na kwa nini sisi tunaokitumia kila siku ndio wa mwisho kuulizwa.

Anza na neno lenyewe. Kiswahili kina neno moja, sindano, kwa chuma cha fundi cherehani, kwa ncha ya daktari, na kwa dawa inayopita ndani yake. "Nimepigwa sindano," tunasema. Tunapigwa. Mwenye kupiga ni mwingine, aliyevaa koti jeupe. Wazee walishasema mgonjwa haulizwi uji, na sindano ndiyo haulizwi kabisa. Unageuza uso ukutani, basi.

Ilianza hivyo hivyo. Mwaka wa 1844, katika Hospitali ya Meath mjini Dublin, daktari Francis Rynd alikuwa na mgonjwa, mwanamke aliyeteswa na maumivu makali ya neva za uso. Rynd alitumia kifaa chenye mrija wa chuma kupenyeza mofini chini ya ngozi yake. Miaka tisa baadaye, 1853, watu wawili walifika mahali karibu na hapo, kila mmoja kwa njia yake. Huko Lyon, Ufaransa, Charles Pravaz alitengenezewa sirinji ndogo iliyosukumwa kwa skrubu. Huko Edinburgh, Alexander Wood alitumia sirinji na sindano yenye tundu kudunga mofini mahali panapouma. Wood aliamini dawa inafanya kazi pale pale ilipodungwa. Ni daktari wa London, Charles Hunter, aliyeshikilia kwamba hapana, dawa huingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima, hata ukidunga mbali na maumivu. Hunter alikuwa sahihi. Kama angekosea, mimi singejidunga tumboni leo kwa ajili ya sukari iliyo kwenye damu.

Kuna hadithi inayosambaa kwamba mke wa Wood ndiye mtu wa kwanza kufa kwa kujidunga mofini kupita kiasi. Si kweli, mama huyo aliishi hata baada ya mumewe kufa. Lakini ona vile hadithi inavyopenda kukaa: mwanamke, nyumbani, sindano mkononi mwake mwenyewe, lazima afe. Hofu ya mgonjwa kushika sindano ni ya zamani sana. Na haikuwa hofu ya bure, maana mofini iliwatia wengi uraibu enzi hizo.

Afrika Mashariki, sindano haikuja kama chombo cha nyumbani. Ilikuja na serikali. Mwaka wa 1906, Robert Koch, yule Mjerumani maarufu wa kifua kikuu, alipiga kambi kwenye visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, wakati malale yalikuwa yakimaliza watu. Alidunga wagonjwa dawa yenye aseniki iliyoitwa atoksili. Wengine walipata nafuu ya muda. Wengine walipofuka, na hawakuona tena. Hakuna aliyewauliza wanataka kipimo gani.

Halafu miaka ya 1920, Kenya, mambo yakageuka kwa njia ambayo hata wakoloni hawakuitarajia. Ugonjwa wa buba ulikuwa umeenea, vidonda juu ya vidonda. Madaktari wa serikali walianza kudunga dawa za aseniki na bismathi, na vidonda vikakauka haraka, mbele ya macho ya kila mtu. Watu wakaja kwa wingi, kwa miguu, bila kusukumwa. Kumbe mtu anaweza kumkataa mkoloni na bado aitake sindano yake. Imani ile haijaisha. Mpaka leo utasikia mzee akitoka kliniki na vidonge akilalamika: "Hawajanitibu, hata sindano sijapigwa." Vidonge ni maneno, sindano ndiyo dawa. Ila bado mkono ulioshika sindano ulikuwa wa mwingine.

Kisukari ndicho kilichobadilisha mkono.

Tarehe 11 Januari 1922, katika Hospitali Kuu ya Toronto, kijana wa miaka 14 anayeitwa Leonard Thompson alidungwa majimaji yaliyotolewa kwenye kongosho la ng'ombe. Alikuwa na uzani wa chini ya kilo 30. Kabla ya hapo tiba ya kisukari kwa watoto ilikuwa kunyimwa chakula, ili wafe polepole badala ya haraka. Frederick Banting na Charles Best ndio walitengeneza dawa ile ya kwanza, na haikuwa safi. Leonard alidungwa mililita 15, nusu kila tako. Hebu fikiria: mimi kipimo changu cha asubuhi ni sehemu kumi na nne kati ya mia za mililita moja. Yeye alipata karibu mara mia moja ya ujazo huo, na alichopata ni nafuu kidogo na jipu. Mwenzao James Collip akakaa maabara akisafisha ile dawa, na tarehe 23 Januari wakajaribu tena. Sukari ikashuka. Leonard aliishi miaka 13 zaidi.

Lakini insulini haiponyi, inasukuma siku. Inaisha mwilini baada ya saa chache, halafu unahitaji nyingine, kesho na kesho kutwa. Huwezi kwenda hospitali mara mbili au tatu kwa siku maisha yako yote. Kwa hivyo madaktari walilazimika kumkabidhi mgonjwa wa kawaida, hata mtoto, chombo ambacho kwa karibu miaka 80 kilikuwa zaidi mikononi mwao. Mwaka wa 1924 kampuni ya Becton Dickinson ya Marekani ikatoa sirinji iliyotengenezwa mahususi kwa insulini. Ilikuwa ya kioo, na ilitumiwa tena na tena. Kabla ya kudunga, unaichemsha. Sindano ikiwa butu, unainoa kwenye jiwe. Tundu likiziba, unapitisha uzi wa chuma ndani. Jikoni kwa watu kukawa na sufuria moja isiyopikiwa chakula.

Nilipomsimulia nyanya, alicheka. Akasema kijijini kwao kulikuwa na mwalimu mstaafu mwenye kijisanduku cha chuma, na watoto waliambiwa wakimwona anachemsha maji asubuhi wasimsemeshe. "Tulidhani ni mchawi," nyanya akasema. "Kumbe alikuwa anahesabu."

Kuhesabu ndiko kulikoua. Insulini za zamani zilikuja kwa nguvu tofauti: uniti 20 kwa mililita, au 40, au 80. Uingereza, sirinji moja yenye mistari 20 kwa mililita ilitumika kwa zote. Mstari mmoja ukawa uniti 2 kwa chupa hii na uniti 4 kwa chupa ile. Daktari anaandika uniti, mgonjwa anasikia mistari, na kati ya hayo mawili mtu anazimia. Kuanzia miaka ya 1970 nchi nyingi zilianza kuhamia nguvu moja, uniti 100 kwa mililita, na Uingereza ikahamia mwaka wa 1983. Sirinji zake kwa kawaida zina kifuniko cha rangi ya chungwa. Zile za uniti 40 huwa na kifuniko chekundu.

Usidhani hiyo ni historia tu. India bado wanauza sana insulini ya uniti 40, na Wakenya wengi wanaenda India kutibiwa. Ukirudi na chupa ya huko kisha utumie sirinji ya chungwa ya hapa, ukivuta hadi mstari wa 40 utapata uniti 16 tu. Ukifanya kinyume, insulini ya 100 kwa sirinji nyekundu, mstari wa 40 ni uniti 100. Hiyo si makosa ya kurekebisha na soda.

Namba ya pili inayochanganya watu ni ile yenye herufi G. Ilitoka kwa mafundi waya wa Uingereza. Waya ulivutwa kupitia tundu, kisha tundu dogo zaidi, kisha dogo zaidi, na kila hatua ikapewa namba yake. Ndiyo sababu namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba. Ile niliyouziwa mimi ilikuwa 23G, upana wa milimita 0.6. Ya insulini siku hizi ni 30G au 31G, karibu robo ya milimita. Urefu nao umepungua. Zamani tuliambiwa mtu mnene anahitaji sindano ndefu. Watafiti walipopima ngozi za watu wakubwa kwa wadogo, waligundua unene wake ni kama milimita 2 hivi kwa karibu kila mtu. Kinachotofautiana ni mafuta ya chini yake. Sindano ya milimita 4 inatosha kufika kwenye mafuta. Ile ndefu inaweza kufika kwenye msuli, na huko insulini inaingia kwa haraka kuliko ulivyopanga. Ndiyo kisa cha paja langu, pamoja na ile kukisia.

Plastiki ilimaliza kuchemsha. Mwaka wa 1956 mfamasia wa New Zealand, Colin Murdoch, alisajili hataza ya sirinji ya plastiki ya kutumia mara moja. Kisha ukimwi, ambao Kenya iliripoti mgonjwa wa kwanza 1984, ukafanya sindano iliyotumika kuwa kitu cha kuogopwa kuliko ugonjwa wenyewe. Mwaka wa 1999 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitaka chanjo zote zitolewe kwa sirinji zinazojifunga zikishatumika mara moja. Leo Kilifi kuna kiwanda kinachozitengeneza. Ni jambo la kujivunia, ila hizo ni za kliniki. Mwenye kujidunga nyumbani hadithi yake ni nyingine.

Hadithi hiyo iliandikwa na mama. Sheila Reith, daktari wa Scotland, alikuwa na binti mdogo mwenye kisukari. Kumdunga safarini kulikuwa vita: chupa, sirinji, pamba, na hakuna mahali pa kuviweka. Akawaza, kwa nini visiwe kitu kimoja kama kalamu ya wino? Yeye na wenzake, John Ireland na John Paton, wakatengeneza kalamu ya insulini, ikatangazwa mwaka wa 1981. Miaka minne baadaye kampuni ya Novo ya Denmark ikaleta ya kwake sokoni. Wataalamu walikuwa wamekaa na sirinji miaka zaidi ya 50 bila kuona shida. Aliyeiona ni yule aliyeishika.

Kwa hivyo wewe uliyetoka hospitali jana na kichupa, au una mzazi aliyetoka nacho, usijibu swali la "2 ama 5". Sema: nataka sirinji ya insulini. Soma chupa, uone ni uniti ngapi kwa mililita, na uhakikishe sirinji inasema hivyo hivyo. Kama kipimo chako hakizidi uniti 30, omba ya mililita 0.3, mistari yake imeachana, macho hayahangaiki. Hakikisha sindano imeshikana na sirinji, maana zile za kubandika huacha dawa kwenye shingo. Chagua fupi na nyembamba. Badilisha mahali pa kudunga, vinundu visijijenge. Ukimaliza, tupa kwenye chupa ngumu ya plastiki, usitupe kwa mfuko ambao mtoto wa mwenzako ataufungua. Na kama kitu hakieleweki, muulize nesi mbele ya kila mtu, bila aibu.

Najua bei. Najua kuna mwezi utatumia sindano moja siku nyingi kuliko inavyofaa, nimefanya hivyo pia. Lakini hata mwezi huo, chagua ukijua.

Juzi nilisimama tena kwenye duka la dawa, mbele yangu mama na mvulana wa miaka kama kumi. Nikasikia: "Unataka ya 2 ama ya 5?" Mama akamwangalia mtoto. Mvulana akasema, polepole lakini bila kusita, "Ya insulini. Ya chungwa."

Muuzaji akainama kuitafuta.