Nani Ataitika Pakawa? Hadithi za Ajabu, Vijana na Wahakiki Wao

Mtambaji wa Pwani haanzi hadithi kabla ya kuomba idhini. Husema "Paukwa!", kisha husubiri. Wasikilizaji wakiitika "Pakawa!" ndipo zimwi hutoka pangoni, sungura hufunga safari, na binti wa sultani hutekwa na jini. Wakiitika kwa sauti ya usingizi, bibi hujua kwamba usiku huo hadithi yake haina soko. Hapo huongeza wimbo, hukatiza safari ndefu, au huwaambia wajukuu wakalale. Huo ni uhakiki kamili, unaotolewa papo kwa papo, na mahakimu wake ni watoto wenyewe.

Kitabu hakina masikio. Mwandishi husema "Paukwa!" mwaka huu, na msomaji humfikia miaka kumi baadaye, katika mji asioujua. Kati ya wawili hao husimama watu wengine: mchapishaji, mwalimu, mkutubi, mzazi, na yule aitwaye mhakiki. Historia ya kuhakiki hadithi za ajabu na za mapenzi zilizoandikiwa vijana ni historia ya watu hao wa kati, na ya swali moja lisilokwisha: ni nani mwenye haki ya kuitika?

Katika Uingereza swali hilo lilijibiwa mapema na mwanamke mmoja mwenye msimamo mkali. Sarah Trimmer alizaliwa Ipswich mwaka 1741, akawa mama wa watoto 12, na kwa kuwasomesha watoto hao akageuka kuwa mwandishi wa vitabu vya malezi. Mwaka 1802 alianzisha jarida liitwalo The Guardian of Education, yaani Mlinzi wa Malezi, lililoendelea kutoka hadi 1806. Hilo ndilo jarida la kwanza lililofanikiwa kuufanya uhakiki wa vitabu vya watoto kuwa kazi yake ya kudumu. Trimmer alivisoma vitabu kimoja baada ya kingine, akaeleza kilicho chema na kilicho kibaya ndani yake. Ni yeye pia aliyechora mpaka ambao hadi leo haujafutika: upande mmoja aliwaweka watoto, na upande wa pili vijana, ambao kwake walikuwa watu wa umri wa miaka 14 hadi 21.

Alikuwa na hofu, na hofu hiyo ilikuwa na chanzo. Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 yalikuwa yametikisa viti vya enzi na madhabahu, na wengi katika Uingereza waliamini kwamba maasi yaweza kupenyezwa ndani ya kitabu kidogo cha mtoto. Kwa hiyo hadithi za ajabu hazikupona. Barua ya msomaji mmoja iliyochapwa katika jarida hilo ilimshitaki hata Sinderela, kwa madai kwamba kisa chake kinawafundisha watoto wivu, kiburi, kupenda mapambo, na kuwachukia mama wa kambo. Riwaya za mapenzi nazo zilitazamwa kwa jicho la shaka, kama moshi unaotangulia moto.

Hata hivyo, Trimmer hakuwa mtu wa upande mmoja. Mwaka 1786 yeye mwenyewe alikuwa ametunga kitabu ambacho ndani yake ndege huzungumza na kuwalea makinda wao kwa hekima. Tena alikiri kwamba utotoni mwake alizifurahia hadithi zile zile alizokuja kuzionya. Jambo hilo lina uzito. Mhakiki huyo alikuwa amewahi kuitika "Pakawa!" kwa moyo mkunjufu, kisha utu uzima ukamtaka ayakanushe maitiko yake.

Mwaka huo huo wa 1802, Charles Lamb alimwandikia rafiki yake Samuel Taylor Coleridge barua ya malalamiko. Lamb alisikitika kwamba vitabu vya maarifa makavu vimezifukuza hadithi za kale madukani, na kwamba mtoto sasa analishwa elimu ya farasi na ng'ombe mahali pa ajabu zilizokuwa zikimkuza moyo. Hivyo basi hoja mbili zilisimama zikitazamana: moja ikisema ajabu huharibu, nyingine ikisema ajabu hujenga. Lakini hoja zote mbili zilitoka vinywani mwa wazee. Mtoto mwenyewe alikuwa kama shamba linalogombewa na warithi: kila mmoja alitaja mipaka yake, wala hapana aliyeliuliza lataka kupandwa nini.

Iliwapasa watu kungoja zaidi ya nusu karne kabla ya sauti ya mtoto kusikika. Katika miaka ya 1860 Lewis Carroll alikuwa na muswada wa kisa cha msichana aliyetumbukia katika shimo la sungura, naye hakujua kama unastahili kuchapwa. Muswada huo ulisomwa kwa sauti nyumbani kwa mwandishi George MacDonald, mbele ya watoto wake. Mmoja wao, mvulana aitwaye Greville, akasema anatamani kungekuwa na majuzuu elfu sitini ya kitabu hicho. Alice's Adventures in Wonderland kilipotoka mwaka 1865, mhakiki wa gazeti la Athenaeum alitoa hukumu kwamba mtoto wa kweli angetatizwa nacho kuliko kufurahishwa. Mtu mzima alimsemea mtoto wa kufikirika, hali mtoto wa damu na nyama alikwisha kusema kinyume chake.

Mfano ulio mashuhuri zaidi ni wa mwaka 1936. Mchapishaji Stanley Unwin wa London aliamini kwamba mhakiki bora wa kitabu cha watoto ni mtoto. Alipoletewa muswada wa The Hobbit wa J. R. R. Tolkien, alimpa mwanawe Rayner, mwenye umri wa miaka 10, ausome na kuuandikia ripoti. Ujira ulikuwa shilingi moja. Rayner akaeleza kwa ufupi habari za Bilbo, mazimwi na joka, akasema kwamba kitabu ni kizuri, kwamba kikiwa na ramani hakihitaji picha, na kwamba kitawafaa watoto wa miaka 5 hadi 9. Kitabu kilitoka tarehe 21 Septemba 1937, nakala 1,500, nazo zikamalizika kabla ya mwaka kwisha.

Tukio hilo aghalabu husimuliwa kama kichekesho kitamu, lakini lina mafunzo zaidi ya moja. Rayner hakupatia kila kitu. Kitabu kilichapwa pamoja na picha alizochora Tolkien mwenyewe, na umri wa wasomaji wake haukukoma kwenye miaka 9. Mvulana wa miaka 10 alikuwa anawatazama walio nyuma yake kwa madaha ya mkubwa. Alilopatia ni lile kubwa, kwamba hadithi ina uhai. Tena hukumu yake haikufa pamoja na utoto. Alipokuwa mtu mzima katika kampuni ya baba yake, ndiye aliyeupigania muswada wa The Lord of the Rings, akionya kwamba huenda ukaitia kampuni hasara ya pauni 1,000. Baba alimjibu kwamba, ikiwa anaamini hiyo ni kazi ya kipaji cha juu kabisa, basi anayo ruhusa ya kuipata hasara hiyo. Majuzuu matatu yakatoka mwaka 1954 na 1955. Shilingi ile ya 1936 ilikuwa imemlea mhakiki.

Watu wazima nao walikuwa na lao. Tarehe 2 Oktoba 1937 gazeti la Times Literary Supplement lilichapa tahakiki ya The Hobbit isiyokuwa na jina la mwandishi, iliyobashiri kwamba kitabu hicho huenda kikadumu. Aliyeiandika ni C. S. Lewis, rafiki wa Tolkien, ambaye alikuwa ameusoma muswada kabla haujachapwa. Utabiri ulitimia, lakini njia yake inatia shaka: msomaji wa gazeti hakujulishwa kwamba anayesifu ni sahibu wa anayesifiwa. Kinyume chake alikuwa Edmund Wilson wa Marekani. Mwaka 1956, katika gazeti la The Nation, aliishambulia The Lord of the Rings kwa maneno makali, akaiona kuwa takataka za kitoto. Katika makala hayo hayo alieleza kwamba alikuwa ameisoma yote kwa sauti kwa binti yake wa miaka saba, ambaye The Hobbit alikwisha kuirudia mara nyingi. Aliyeitika alikuwa ameketi ubavuni pake. Mhakiki akaandika kana kwamba chumba kilikuwa kitupu.

Upande wa hadithi za mapenzi mambo yalikuwa magumu zaidi, kwani hapo hofu ya wazazi huchanganyika na haya. Mwaka 1942 Maureen Daly, msichana aliyekuwa bado chuoni, alitoa riwaya iitwayo Seventeenth Summer, kuhusu mapenzi ya kwanza ya binti wa miaka 17 katika mji mdogo wa Marekani. Kitabu kilitolewa kwa ajili ya watu wazima. Wasichana wakakitwaa na kukifanya chao. Katika mji wa Baltimore, mkutubi Margaret Edwards wa maktaba ya Enoch Pratt alikuwa ameyaona mambo ya namna hiyo kwa macho yake. Yeye hakuwaambia vijana wasome nini kabla ya kujua wanachokipenda. Aliamini kwamba msichana apendaye kisa cha mapenzi apewe kisa cha mapenzi kilicho bora, kisha aongozwe taratibu hadi kwenye vitabu vizito. Kwa hiyo wasaidizi wake walilazimika kusoma vitabu 300 kabla ya kuaminiwa kumpendekezea kijana hata kimoja. Katika miaka ya 1940 alivipakia vitabu kwenye gari la kukokotwa na farasi akavipeleka katika mitaa ya mafukara. Ujuzi huo wa mkutubi, anayekijua kitabu na kumjua msomaji, ni uhakiki wa daraja la juu ingawa hauandikwi gazetini.

Historia ya Kiswahili ina njia yake. Tangu mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyohudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ilikuwa ikivipitia vitabu na kuvipa ithibati kabla ya kuingia shuleni. Katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, alikuwa mwenyewe amefasiri visa vya safari na hazina kama Kisiwa Chenye Hazina. Jicho la Kamati lilikuwa juu ya sarufi, tahajia na ulinganifu wa maneno na Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja. Ilikuwa kazi yenye manufaa, lakini ilikuwa pia uhakiki wa faraghani. Kitabu kilipimwa kama lugha yake imenyooka. Hakikupimwa kama kitamzuia mtoto asilale.

Ndivyo kisa kile kile kilichompendeza Greville kilivyofika Pwani. Mwaka 1940 kilitoka Elisi katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya St Lo de Malet. Miaka 12 baadaye Shaaban Robert alitoa Adili na Nduguze, na humo mna vyote viwili, ajabu na mapenzi: ndugu wawili wanaogeuzwa manyani na kuchapwa kila usiku, mji ambao watu wake wamekuwa mawe, binti aliyesalia peke yake akiwa hai, na mapenzi yanayowasha husuda. Vizazi vya wanafunzi vimekisoma. Lakini walichoulizwa darasani ni fani na maudhui, dhamira na ujumbe, taja na fafanua. Maswali hayo yana mahali pake. Kasoro yake ni kwamba huanza mwishoni. Huuliza hadithi imefunza nini kabla ya kuuliza kama imesikilizwa.

Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis aliwapa wasomaji tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Msichana mmoja amefasiriwa mara mbili katika muda wa miaka 75, kila mara kwa Kiswahili cha zama zake. Mtu akitaka kujua watoto wa 1940 waliipokeaje tafsiri ya kwanza, hatasaidiwa na ithibati ya Kamati wala na maswali ya mtihani, kwani hayo hayakubuniwa ili kuhifadhi kicheko. Bibi aliyetamba gizani alipata jibu kila usiku. Mfasiri aliyeketi mezani miezi kadhaa hulipata jibu lake wapi?

Hapa ndipo Sarah Trimmer, pamoja na ukali wake wote, anapostahili heshima. Alikosea kumwogopa Sinderela, lakini alikisoma kitabu cha mtoto kwa uzito ule ule ambao wengine waliuweka kwa ajili ya vitabu vya dini na siasa. Mwandishi aliyelaumiwa naye angalau alijua kwamba amesomwa. Adui mkubwa wa hadithi za vijana ni kimya: kitabu hutoka, huwekwa rafuni, huliwa na mchwa, wala hapana aliyesema kimempendeza au kimemchosha. Sifa za marafiki hazikiondoi kimya hicho. Katika visiwa, ambamo kila mtu ni jamaa ya mwenziwe, sifa za namna ya Lewis ni rahisi kupatikana kuliko tahakiki ya haki.

Mtoto peke yake hatoshi kuwa hakimu, kama Rayner alivyoonyesha alipokosea umri wa wasomaji. Mzee peke yake pia hatoshi, kama Wilson alivyoonyesha alipompuuza binti yake. Kinachohitajika ni wawili hao kukaa kikao kimoja: kijana aseme ni wapi moyo ulimwenda mbio na ni wapi alifungua kurasa akiruka, na mtu mzima aliyesoma vingi amsaidie kueleza kwa nini. Jarida lolote la Kiswahili lenye kurasa za ushairi na makala halikosi ukurasa mmoja wa kuwapa vijana wa shule, kitabu mkononi, na ujira mdogo wa kuwaonyesha kwamba maoni yao ni kazi. Stanley Unwin alitoa shilingi moja, naye hakulala njaa.