Ngao Humtisha Nani?

Twazoea kudhani kwamba ngao haimtishi mtu. Lakini tarehe 26 Mei 1972, mjini Moscow, Nixon wa Marekani na Brezhnev wa Muungano wa Kisovieti walitia sahihi mkataba wa kuwekea mipaka mitambo yao ya kutungua makombora. Kwa nini? Ajionaye salama nyuma ya ngao huweza kuthubutu kupiga kwanza. Naye mpinzani wake huongeza mikuki ili aipenye. Mwaka 2002 Marekani ilijitoa, ikihofia magaidi na nchi nyingine zenye uadui nayo. Mwaka 2018 Putin alitangaza silaha mpya za kuikwepa ngao hiyo. Basi, tujengapo ukuta, tuulize pia jirani anauonaje.